Mkoba Nyuma ya Mlango

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, kuna mkoba ambao watoto hawaruhusiwi kuugusa. Hutundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha mgonjwa, au huwekwa juu ya kabati. Ndani mna daftari la shule lililokunjika pembe, picha mbili tatu za eksirei katika bahasha ya kaki, karatasi ya maabara iliyofifia wino, kadi ya NHIF, bima ya zamani ya afya, isiyotumika tena, risiti za kemisti, na kipande cha boksi la dawa ambacho mtu alikikata kwa mkasi asije akasahau jina lake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017, watu walibadilisha mkoba tu, ukawa wa kitambaa. Yaliyomo hayakubadilika.

Mwenye mkoba si daktari wala muuguzi. Mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyemaliza kidato cha nne na kuambiwa akae na Bi Mkubwa kwanza, mambo ya kazi yataangaliwa baadaye. Ni yeye anayejua kwamba bibi hakula jana. Anajua kwamba kile kidonge cheupe humtapisha kisipotanguliwa na uji, kwamba mguu wa kushoto umeanza kuvimba jioni jioni, na kwamba kidonda cha kulala kilianza kama wekundu tu, upana wa sarafu, kabla hakijafunguka. Hakuna kompyuta ya hospitali yoyote iliyo na habari hizo. Ziko kichwani mwake, na nyingine ziko kwenye daftari, kwa kalamu iliyokuwa karibu siku hiyo.

Mtu wa Mombasa akisikia “nasinghomu” hafikirii wazee. Hufikiria hospitali ndogo ya kibinafsi, yenye vitanda vichache, watu walikozaliwa au walikotolewa kibole. Makao ya kulelea wazee kama yale ya Ulaya na Marekani ni machache sana pwani hii, na kumpeleka mzazi huko bado ni jambo la kusemwa barazani kwa sauti ya chini. Basi nyumba yenyewe ndiyo makao ya kuuguzia: chumba cha orofa ya kwanza Kibokoni, juu ya ngazi nyembamba zinazopinda, ambako mgonjwa hushushwa akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki na kubebwa na vijana wanne. Ambulensi haiingii kwenye vichochoro vile. Husubiri barabarani Ndia Kuu, na ikikawia, tuktuk hufanya kazi yake. Kutoka hapo mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wanaiita Makadara, si mbali hata kidogo. Ila kwa habari za mgonjwa, safari ile ni ndefu kuliko ya jahazi la Lamu.

Kenya si mgeni wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwasha mmoja wa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika kituo cha mashambani kusini mwa Sahara. Kutokana na kazi ile ikaja programu ya OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani, na mwaka 2012 Kenya ikajenga juu yake KenyaEMR kwa ajili ya kliniki za Virusi vya Ukimwi. Mtu anayechukua dawa zake za Ukimwi katika kliniki ya serikali ana historia iliyopangwa vizuri kuliko nyanya yake mwenye sukari na presha kwa miaka ishirini.

Watafiti waliopima kazi ya Mosoriot walikuta kwamba muda wa ziara ya mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38. Ila kuna takwimu ya tatu: muda wa mgonjwa mbele ya mtoa huduma ulipungua kwa asilimia 58. Kwa msimamizi wa kituo hayo ni mafanikio. Kwa mzee asiyesikia vizuri, aliyeshushwa ngazi kwa kiti, dakika alizopunguziwa ndizo ambazo angezitumia kusema lile lililomleta.

Baada ya hapo zikaja sheria. Tarehe 19 Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mkupuo, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyoanzisha wakala wake na kuzitangaza taarifa za afya kuwa rasilimali ya taifa. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizibatilisha tatu kati ya sheria hizo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu ile. Na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikachukua nafasi ya NHIF. Mfumo wa kidijitali wa kuiendesha ulikabidhiwa muungano wa kampuni, Safaricom ikiwemo, kwa mkataba wa shilingi bilioni 104.8. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, aliandika kwamba serikali haiumiliki mfumo inaoulipia. Kelele zikawa nyingi, na zilistahili.

Lakini katika kelele zote zile ni nadra kumsikia mtu akiuliza lile la Kibokoni: karatasi ya mgonjwa itamfikiaje anayemgeuza kitandani saa nane za usiku?

Taarifa za afya nchini zina tabia moja: hupanda, hazishuki. Zinatoka kwa mgonjwa kwenda kituoni, kutoka kituoni kwenda kaunti, kutoka kaunti kwenda wizarani, kwa bima, kwa mfadhili. Desemba 2025 Kenya ilisaini na Marekani makubaliano ya afya ya miaka mitano, upande wa Marekani ukiahidi hadi dola bilioni 1.6, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kipengele cha kupeana data za wagonjwa hadi kesi isikizwe. Nchi nzima ikajadili kama rekodi za Wakenya zifike Washington. Ni mjadala wa haki kabisa. Ila mwenye bibi amelala orofani alikuwa na lake: rekodi za Makadara zilikuwa bado hazijafika Kibokoni.

Mfano ulio wazi zaidi unapanda ngazi wenyewe. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Rais aliwatuma kazini wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja nchi nzima, kila mmoja na mkoba wa vifaa: mashine ya presha, ya sukari, mizani, kipimajoto, na simu yenye programu ya kuingizia anayoyaona. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Mji wa Kale wapo, na wengi ni wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wanaojulikana kwa jina la mama wa fulani. Mhudumu hubisha hodi, huvua viatu mlangoni, huulizwa habari za kwao, huletewa chai ya tangawizi anayoikataa mara mbili na kuipokea ya tatu. Kisha humfunga Bi Mkubwa kitambaa cha presha mkononi, hutoboa kidole, hungoja, hubonyeza simu.

Hapo ndipo mikoba miwili hukutana, wa mhudumu na wa nyumbani, na haijuani. Kilichosomwa kinaingia kwenye simu na kupanda. Daftari la mjukuu halimo katika safari hiyo. Mjukuu mwerevu husema, “Nisomee tena hiyo ya sukari, niandike.” Asiyekuwa mwerevu hubaki na neno “iko juu kidogo.” Mhudumu hana kosa; simu yake ilitengenezwa kujibu maswali ya waliomtuma.

Halafu kuna majina. Mtengenezaji wa mfumo aliyeko Nairobi, au Hyderabad, hudhani jina ni kitu kilichotulia. Mji wa Kale jina lina mawimbi. Fatma, Fatuma na Fatima wanaweza kuwa mtu mmoja katika hospitali tatu. Mohamed huandikwa kwa m moja, kwa mbili, kwa u, kwa o, kutegemea karani alisoma wapi. Mwanaisha ni Esha kwa mumewe, Bi Shee kwa jirani, Aisha kwenye kitambulisho. Jina la tatu huwa la babu, na babu huyo ana wajukuu arobaini. Tarehe ya kuzaliwa ya mzee wa miaka themanini ni ya kukisiwa. Mjukuu akifika dirishani na kutaja jina, karani hupata Fatma Mohamed Ali wanane na kuuliza, “Yupi?” Basi hufunguliwa faili jipya, kwa kuwa ni rahisi kuliko kutafuta, na bibi mmoja anakuwa na historia nne, kila moja ikianza kana kwamba amezaliwa jana.

Kukosea mtu si jambo la kuchekwa. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, vibandiko vya majina vya wagonjwa wawili vilibadilishana. Mmoja akafunguliwa fuvu la kichwa kwa ajili ya damu iliyoganda ambayo hakuwa nayo. Madaktari waligundua baada ya saa kadhaa, upasuaji ukiendelea. Kilichopotoka pale kilikuwa kibandiko.

Jibu la serikali kwa tatizo la nani ni nani ni namba ya kitambulisho, kisha ujumbe wa siri kwenye simu, na sasa alama za vidole. Kila njia ina mlango wake unaogoma kwa mzee. Simu iliyosajiliwa ni ya mwanawe aliyeko Muscat, kwa hiyo ujumbe wa siri unalia Oman wakati bibi yuko kaunta Mombasa. Vidole vilivyokuna nazi na kufua kwa mkono miaka sitini vimelainika, mashine haivioni. Isitoshe, katika SHA mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi wa mwanawe. Mwenzi wa ndoa na watoto ndio wanaohesabiwa. Bi Mkubwa ni mwanachama kamili peke yake, mwenye akaunti asiyoweza kuifungua.

Wenyewe Mji wa Kale walishajitengenezea njia. Ni kundi la WhatsApp la ukoo. Daktari akiandika dawa, karatasi hupigwa picha kabla wino haujakauka; ndani ya dakika tano imefika Muscat, Dubai, Jeddah na Leicester. Mjomba anayelipa hutaka kuona risiti. Binamu mfamasia wa London hutuma sauti: “Hiyo ya pili asinywe, niite kwanza.” Shangazi wa Jeddah hutuma dua. Kwa kasi na kwa upana hakuna mfumo wa hospitali pwani unaoufikia ule. Na kwa upande mwingine ni hatari tupu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huiweka hali ya afya ya mtu katika fungu la taarifa nyeti, na hapa iko kwenye simu ishirini na saba, mojawapo imeshapotea sokoni Marikiti. Nyanya mwenyewe hakuulizwa. Wapo mama wazima wenye akili timamu waliokuja kugundua kwamba ugonjwa wao wa kizazi umekuwa mazungumzo ya wakwe.

Watu wa hapa si wajinga wa usiri. Februari 2015 serikali iliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na Virusi vya Ukimwi; Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilivunja katiba. Na Mei 2020, wakati wa Korona, Mji wa Kale ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, takriban mwezi mzima. Vituo vya kupimia vikawekwa, watu wakaja wachache, na waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akalalamika. Lakini mtu wa Kibokoni alipiga hesabu yake: jina langu likiandikwa pale, nitachukuliwa usiku kwenda karantini na nitalipishwa. Alijua jina linapanda kwenda wapi. Hakujua kitakachomshukia.

Kwa hiyo anayetaka rekodi za kidijitali zifike mpaka chumbani kwa mgonjwa ana kazi mbili kwa pamoja: kuwapa habari wale wanaouguza, na kumpa mgonjwa mamlaka ya kusema nani asipewe. Mtoto wa kiume anayelipa bili hana haki ya kila kitu kwa sababu ya kulipa. Hilo litawaudhi wengi, na lazima lisemwe.

Madhara ya kutopeana habari huonekana vizuri zaidi kwenye sahani ya dawa. Zahanati ya serikali imemwandikia bibi metformini. Mwezi uliofuata alipelekwa hospitali ya kibinafsi, akaandikiwa Glucophage. Ni dawa moja kwa majina mawili, na anameza zote asubuhi na jioni. Karatasi zote mbili zimo mkobani, bahasha moja, zimelaliana. Kati ya Makadara, Aga Khan, Pandya, Hospitali ya Mombasa na vituo vidogo vya mitaani, mgonjwa mmoja wa kisiwani anaweza kupita kote ndani ya mwaka, na kinachounganisha ni huo mkoba.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia mambo huzidi kuwa magumu. Wazee wengi hufunga hata wakikatazwa. Mtu aliyefunga tangu ana miaka kumi haachi kwa neno la kijana mwenye koti jeupe. Dawa ya sukari ya aina ya glibenklamidi, mzee akiimeza daku na kukaa na njaa mpaka magharibi, inaweza kumshusha sukari hadi kuzimia. Kipimo na saa vinahitaji kubadilishwa mapema, tangu Shaaban. Anayejua kama Bi Mkubwa atafunga ni mjukuu, maana ndiye atakayemwamsha kula daku. Fomu nyingi za kidijitali humuuliza mgonjwa kama anavuta sigara na kunywa pombe. Za kisiwa hiki zingeuliza kwanza kama anafunga.

Si Kenya peke yake iliyoanza na hospitali na kuusahau upande wa pili. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria iliyomwaga mabilioni ya dola kuzishawishi hospitali na madaktari watumie rekodi za kielektroniki. Makao ya kuuguzia wazee hayakuwemo katika fungu hilo. Matokeo yake yalidumu miaka: mzee akiruhusiwa kutoka hospitali yenye kompyuta za kisasa, muuguzi wa makao alimpokea na rundo la karatasi za faksi, nyingine zikiwa zimekosa ukurasa wa dawa. Taifa lenye pesa zote zile lilijikwaa pale pale, kwenye kizingiti kati ya wodi na kitanda cha kudumu.

Karibu zaidi, Zanzibar ina mambo mawili ya kutazamwa na Mombasa. Serikali yake inaendesha nyumba za wazee, Sebleni na Welezo, ambako angalau mwenye kuuguza anajulikana na analipwa. Na mpango wake wa Jamii ni Afya uliwapa wahudumu wa kujitolea simu kote Unguja na Pemba kabla Kenya haijawatuma wake pale Uhuru. Simu zile zilianzia kwa mama wajawazito na watoto, kama ilivyo desturi ya mipango ya afya. Mzee huja mwisho wa orodha, popote.

Mombasa ingeweza kuanza na vitu visivyohitaji bilioni. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini, atoke na ukurasa mmoja kwa Kiswahili: alikuwa na nini, alipewa nini, dawa gani ziendelee na zipi ziachwe, dalili gani zikionekana arudishwe mbio. Kiswahili kinachosomeka, si cha kutafsiriwa na mashine ambacho kinamwita mgonjwa “mteja.” Simu ya mhudumu wa jamii iruhusiwe kutuma vipimo kwa namba moja ambayo mgonjwa mwenyewe ameichagua. Na kemisti, ambako mzee wa kisiwani hufika mara nyingi kuliko hospitali, aweze kuona orodha ya dawa na kuongeza yake. Mfumo unaomwacha kemisti nje Mombasa haujui watu wanatibiwa wapi. Daftari nalo lisidharauliwe. Hospitali zinaweza kulichapisha lenyewe, lenye safu za sukari, presha, dawa, choo na usingizi, na daktari alazimike kulifungua kabla hajafungua kompyuta. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka, na hakuna mama anayekitupa.

Watasema umeme hukatika, mtandao husuasua, makarani ni wachache. Ni kweli. Mwaka 2025, fedha za Marekani zilipokatwa ghafla, watu wengi waliokuwa wakiingiza rekodi katika kliniki za nchi hii walijikuta nyumbani. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutaka nakala ibaki kwa mgonjwa.

Na kuna fomu yenyewe ya kulazwa. Mjukuu anapofika mapokezi na mkoba begani, karani huuliza jina la jamaa wa karibu na namba yake ya simu. Nafasi ni moja. Kwa heshima, na kwa kuwa ndiye atakayetuma pesa, huandikwa jina la mjomba, na namba inayoanza na 968. Karani hubonyeza, skrini inaendelea mbele. Usiku ule ule muuguzi wa zamu atataka kujua kama mgonjwa ana mzio wa dawa yoyote, atapiga Oman, na simu italia chumbani ambamo mtu amelala baada ya zamu yake mwenyewe. Mjukuu yuko kwenye benchi la nje ya wodi, ameupakata mkoba, anangojea kuitwa.